Bastola ya kale uliyoikuta darini: namna ya kuitambua na kuipatia bei

"Kaka, shikamoo. Nimekuta bastola ya zamani darini."

Aliyepiga ni kijana wa Kigoma, tunaishi mji mmoja hapa Ohio. Alikuwa na kibarua cha kutoa vitu kwenye nyumba ya bibi mmoja aliyefariki. Warithi walimwambia takataka atupe, chenye thamani akiweke kando wakione. Nikamwitikia marahaba, kisha nikamuuliza mkono wake uko wapi.

"Nimeishika hapa."

"Ilaze polepole, mdomo utazame ukutani, kidole kisikaribie kifyatulio. Halafu nitumie picha."

Kazi yangu ni kupanga na kuuza mali za nyumba za marehemu, na bastola kuukuu hutupitia mikononi mara nyingi kuliko mtu wa nyumbani anavyoweza kudhani. Vijana wetu wengi huku wanafanya vibarua vya kuhamisha na kusafisha nyumba, na maswali yao ni yale yale. Nitayajibu kwa kuifuata bastola ile ya darini, kwa sababu ilikuwa Colt Navy ya 1851, bastola ya silinda ya kiwanda cha Colt cha Marekani, na Navy inafundisha karibu kila kitu.

Hatua ya 1: Ihesabu kuwa imeshindiliwa

Aliyewahi kukaa karibu na gobore anajua kwamba baruti haizeeki kama binadamu. Ikikaa pakavu, hata baada ya miaka 150 inawaka. Navy ni ndugu wa gobore kwa tabia: kila tundu la silinda, na yako sita, hutiwa baruti na risasi ya mviringo kutoka mbele, kisha hushindiliwa kwa mkono wa chuma ulio chini ya mtutu. Nyuma ya kila tundu kuna chuchu ndogo inayovishwa fataki, kikofia kinacholipuka na kuwasha baruti. Nyundo ikiipiga fataki, kazi imekwisha.

Kwa hiyo tazama kwa ubavu, kamwe usitazame kwa mbele. Mulika nyuma ya silinda: kuna vikofia vidogo vya shaba kwenye chuchu? Hizo ni fataki. Zisipokuwepo usishangilie, maana baruti inaweza kuwemo bila fataki. Mulika tena kwenye nafasi kati ya silinda na mtutu. Ukiona kitu cha kijivu kimeziba tundu, au mafuta yaliyoganda, au huelewi unachokiona, hapo ndipo mwisho wako. Mwite fundi wa silaha. Yeye hupima kina cha tundu kwa kijiti cha mti, akilinganisha na urefu wa silinda kwa nje, na kama imeshindiliwa anajua namna ya kuitoa. Mimi baada ya miaka yote hii bado namwita fundi, wala sioni haya.

Usiivute nyundo na kuiachia ili "usikie mlio". Chuchu za zamani huvunjika, na springi ya karne ya 19 haina dukani mwenzake.

Hatua ya 2: Jua sheria ya mahali ulipo

Kwa Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inaiita silaha ya kale ile iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, na haiihesabu pamoja na silaha za kawaida. Lakini majimbo yana sheria zao, na mengine ni makali zaidi. Mwenye viza ya muda awe mwangalifu mara mbili, kwa sababu sheria hiyo hiyo inamzuia kumiliki silaha ya kawaida isipokuwa kwa masharti maalumu, na kosa la mwaka mmoja kwenye kukadiria umri wa bastola linaweza kukugharimu makaratasi yako yote. Kama wewe ni kibarua tu, bastola ni ya warithi. Waite.

Kwa walioko Tanzania au Kenya, jibu langu ni fupi. Usidhani kwamba ukongwe ni kibali. Ukiikuta kwenye sanduku la babu, iache hapo hapo, toa taarifa polisi na uwaache waje wenyewe. Usiitie kwenye mfuko wa Rambo ukapanda nayo daladala kuipeleka kituoni. Na aliye huku asiwaze kurudi nayo nyumbani kwenye begi kama zawadi.

Hatua ya 3: Iko ukoo gani?

Bastola za silinda za karne ya 19 zina koo kuu tatu. Kuna za fataki, kama nilivyoeleza. Kuna za pini, aina ya Lefaucheux wa Ufaransa, ambazo kila risasi ina kimsumari kinachotokeza ubavuni na silinda ina mikato midogo ukingoni ya kupitishia kimsumari hicho. Na kuna za risasi za kisasa zenye ganda la shaba, ambazo silinda yake imetobolewa moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma.

Utajiuliza kwa nini Wamarekani waliendelea na fataki wakati Ulaya imeshahama. Ni hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasiige kazi yake. Silinda iliyotobolewa moja kwa moja ilikuwa na hataza ya Rollin White, na Smith & Wesson ndio walioishika, wakaanza kuuza bastola yao ya kwanza mwaka 1857. Wengine wengi walisubiri hadi hataza ilipokwisha mwaka 1869. Kwa hiyo ukikuta bastola ya Kimarekani ya risasi za ganda, na si ya Smith & Wesson, dau la kwanza ni kwamba ni ya baada ya hapo, au ni ya fataki iliyobadilishwa baadaye.

Sasa ukweli usiopendeza: sehemu kubwa ya bastola kuukuu zinazotoka kwenye droo za vitanda huku ni za bei rahisi tangu zilipozaliwa. Vibastola vidogo vya mfukoni, vinavyofunguka katikati kwa bawaba, vimepakwa nikeli inayobanduka kama rangi ya baiskeli. Ukiona kichwa cha bundi kwenye mpini, hiyo ni Iver Johnson wa Massachusetts. Zilitengenezwa kwa wingi mno. Ni kitu kizuri cha kuweka kabatini kwa mwenye kibali, lakini ni dola mia moja au mia mbili hivi, na huko ndiko safari ya bastola nyingi inakoishia. Ukikuta bundi, ruka moja kwa moja hadi hatua ya mwisho.

Hatua ya 4: Isome kama unavyosoma gari la mtumba

Picha za kijana zilipoingia, kitu cha kwanza nilichokiona ni kile kisichokuwepo: juu ya silinda hapakuwa na daraja la chuma. Fremu iko wazi juu. Colt nyingi za fataki ziko hivyo. Mtutu umeshikwa na kabari tu, kipande cha chuma bapa kinachopita ubavu hadi ubavu mbele ya silinda. Remington za wakati ule zina daraja juu. Kwa hilo peke yake umeshatenganisha viwanda viwili vikubwa bila kugusa chochote.

Navy ina mtutu wa pembe nane, inchi saba na nusu, yaani sentimita 19 hivi, na kipenyo cha tundu cha inchi .36. Mtutu ukiwa wa mviringo na bastola ni kubwa zaidi, .44, huenda unatazama Colt Army ya 1860. Ikiwa ndogo ya kutosha mfukoni, yenye picha ya majambazi wakivamia gari la farasi kwenye silinda, ni Colt Pocket ya 1849.

Picha ndiyo inayonifurahisha kwenye Navy. Silinda imezungushiwa nakshi ya vita vya baharini: merikebu za Texas na za Mexico zikipigana, na maandishi yanayotaja tarehe 16 Mei 1843. Mchongaji alikuwa W. L. Ormsby. Jina Navy limetokana na picha hiyo. Watu wa nchi kavu waliibeba kama mabaharia. Nikamwambia kijana amulike silinda kwa tochi ya simu kutoka pembeni, karibu kulingana na chuma chenyewe, si kutoka juu. Mwanga wa juu unafuta kila kitu. Wa pembeni ukaleta tanga moja, kisha mlingoti, kisha mstari wa mawimbi uliokatika pale mikono ya watu ilipoushika kwa miaka. Karibu nusu ya picha ilikuwa hai. Kwa Navy, hiyo si haba.

Kisha maandishi. Ubavu wa kushoto wa fremu husomeka COLTS PATENT. Juu ya mtutu kuna anwani, nayo ilibadilika na miaka: nyingi zina New York, kundi moja la katikati lina Hartford, mji wa kiwanda cha Colt, na zilizotengenezwa London zina anwani ya London pamoja na mihuri ya ukaguzi ya Kiingereza. Kiwanda cha London kiliishi miaka michache tu, 1853 hadi 1856, kikatoa Navy kama 42,000. Hartford zilitoka kama 215,000 hadi 1873. Herufi U.S. kwenye fremu maana yake ni ya jeshi, na hiyo hupandisha bei, ndiyo sababu wapo waliozigonga wenyewe chumbani kwao. Herufi za zamani zimekaa ndani ya chuma pamoja na uchakavu wake. Herufi zenye kingo kali kwenye chuma kilicholika zinapaswa kukutia wasiwasi.

Baada ya hapo ni namba. Aliyewahi kuagiza gari Japani anajua kulinganisha chesisi na kadi. Hapa kadi ni bastola yenyewe: namba ile ile imegongwa kwenye mtutu, kwenye fremu, kwenye shaba ya kukinga kidole, kwenye mpini chini, na kwenye silinda, tarakimu chache za mwisho zipo hadi kwenye kabari. Ziandike zote, moja moja, pamoja na mahali ulipoikuta. Usiandike "zinafanana" kwa kutazama mbili. Zikilingana zote, bei inasimama. Silinda ikiwa na namba ya bastola nyingine, imeanguka. Namba hiyo pia ndiyo inayokupa mwaka, kwa kutazama orodha za kiwanda.

Kwa bastola ya kijana, mtutu, fremu, mpini na silinda vilikuwa na namba moja. Kabari ilikuwa kipande cha chuma kilichopigwa tupa na mtu asiye na haraka wala kipaji.

Hatua ya 5: Ni ya kweli, au ni ya Italia?

Hapa wengi huumia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, viwanda vya Italia vimetengeneza nakala za Navy kwa maelfu, na si kwa nia mbaya: kuna watu wanaopenda kupiga shabaha kwa baruti. Uberti na Pietta ndio majina utakayoyakuta zaidi. Nakala halali ina mihuri ya Italia, hasa herufi PN chini ya nyota, na kisanduku kidogo chenye herufi au namba kinachoficha mwaka. Mara nyingi huandikwa pia BLACK POWDER ONLY, yaani baruti nyeusi tu. Colt wa 1855 hakuwa na haja ya kukumbusha mtu hilo. Baruti nyingine haikuwepo.

Tazama na rangi ya fremu. Ikiwa fremu nzima ni ya shaba ya njano, hiyo si Navy ya Colt, kwa sababu Colt alitumia chuma kwenye fremu na shaba kwenye kikingio na mgongo wa mpini. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majimbo ya Kusini yalikosa chuma, na kiwanda cha Griswold & Gunnison huko Georgia kikatoa bastola kama 3,700 za fremu ya shaba. Wengi wa mafundi wake walikuwa watumwa weusi, jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ndogo kama wanalitaja kabisa. Bastola hizo ni ghali sana, na kwa sababu hiyo hiyo kila nakala ya shaba inayouzwa gereji huwa "ya Kusini". Zaidi ya tisa kati ya kumi nilizoonyeshwa mimi zilikuwa na umri mdogo kuliko wangu.

Na kuna mtego wa mwisho: Colt wenyewe walizirudisha sokoni katika miaka ya 1970. Chapa ni ya Colt, ya kweli, lakini bastola ni ya juzi.

Hatua ya 6: Usiisafishe

Nalirudia: usiisafishe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa bastola ya fataki niiandae kwa mauzo. Nilitaka kuonekana mchapakazi. Nikachukua stili waya na mafuta, nikasugua mchana kutwa hadi ikang'aa kama kijiko cha harusi. Bosi wangu alipoiona hakusema kitu, alikaa tu. Mnunuzi aliyekuja kwa ajili yake aliigeuza mara moja, akairudisha mezani, akanunua sahani. Iliuzwa baadaye kwa chini ya nusu ya bei iliyotarajiwa.

Wakusanyaji wanachokilipia ni ngozi yake ya kwanza. Weusi wa bluu uliobaki kwenye mikunjo, madoadoa ya rangi kama mafuta ya gari juu ya maji kwenye fremu, fedha iliyobaki kwenye kona za shaba, kahawia tulivu ya chuma kilichozeeka chenyewe. Vyote hivyo havirudi. Kinachoruhusiwa ni kitambaa laini chenye tone la mafuta mepesi, ili kutu mpya isienee, basi. Usifungue skrubu kwa bisibisi la nyumbani. Mdomo wa skrubu ulioliwa ni alama ambayo mnunuzi huiona akiwa bado mlangoni.

Kwa sababu hiyo hiyo jifunze kumtambua aliyeisafisha kabla yako. Pembe nane za mtutu zimekuwa mviringo mviringo. Herufi zimefifia upande mmoja. Weusi mzuri unaong'aa, lakini chini yake kuna vishimo vya kutu: yaani kutu ilitangulia, rangi ikafuata. Hiyo imepakwa upya, na bei yake ni ya iliyopakwa upya.

Hatua ya 7: Hadithi bila karatasi

Kila familia huku ina babu aliyefahamiana na Wild Bill Hickok, mpiga bastola maarufu wa Marekani ya magharibi. Ni kweli Hickok alibeba Navy mbili, lakini hazikuwa 215,000. Wasikilize warithi kwa heshima, waandike wanachosema, kisha uliza: kuna barua? picha? cheti cha jeshi? jina limechongwa kwenye mpini? Kampuni ya Colt hutoa kwa malipo barua ya kumbukumbu inayoonyesha bastola ilisafirishwa lini na kwenda wapi, lakini vitabu vya enzi ya fataki vina mapengo, kwa hiyo uliza kama namba yako imo kabla ya kulipa.

Karatasi ikiwepo, hesabu hubadilika kabisa. Bastola ya Colt ambayo mkuu wa polisi Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid mwaka 1881 iliuzwa mnadani Bonhams mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 6. Aina hiyo hiyo, ya hali hiyo hiyo, bila Garrett, ni maelfu tu. Na mwaka 2019 huko Paris Lefaucheux ya pini, iliyoliwa na kutu hadi haifai hata kwa chuma chakavu, ilifika euro 162,500. Mkulima aliiokota miaka ya 1960 katika shamba la Auvers-sur-Oise, mahali alipojipigia risasi mchoraji Vincent van Gogh, na inaaminika ndiyo yenyewe. "Inaaminika" peke yake imelipwa hivyo.

Hatua ya 8: Bei

Tafuta bei zilizolipwa, si zinazoombwa. Mtu anaweza kuandika dola 9,000 kwenye tangazo na tangazo likazeeka. Nyumba za minada kama Rock Island huweka wazi bei walizouzia. Tafuta tatu au nne za aina yako, kipindi chako, hali yako, na ukumbuke kwamba bei iliyotangazwa mara nyingi imejumuisha ada ya mnunuzi, asilimia 20 hivi au zaidi, ambayo muuzaji haioni. Kamisheni ya muuzaji nayo inakatwa. Dalali anayelipa taslimu siku hiyo hiyo atatoa pungufu sana, na si mwizi kwa hilo, naye anakwenda kuiuza. Lakini asiwe yeye huyo huyo anayekufanyia tathmini.

Kwa Navy ya kawaida, iliyochoka lakini nzima na ya namba moja, tegemea kuvuka dola elfu moja. Picha ya vita ikisomeka na rangi ikiwepo, ni elfu kadhaa. Ikiwa ndani ya sanduku lake la awali, na chupa ya baruti na kalibu ya risasi, inaweza kuingia makumi ya elfu. Ndiyo maana neno langu la mwisho kwa kijana siku ile halikuhusu bastola. Nilimwambia asitupe chochote kilichokuwa karibu nayo: kitambaa, kopo, msumari, kipande cha ngozi.

Siku mbili baadaye akanitumia picha bila salamu. Kopo la vifungo vya nguo, na juu ya vifungo kipande cha chuma bapa, cheusi, urefu wa kidole gumba. Nilikuza picha hadi tarakimu zikatokea. Zilikuwa za mwisho za namba ile ile.